Mbwa au Paka Wako Amepewa Rufaa kwa Bingwa wa Tiba ya Ndani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Haya ni maswali ambayo wenye mbwa na paka huniuliza wiki baada ya wiki, mengine mlangoni kabla hata hawajaketi. Nimeyajibu kama ninavyoyajibu ana kwa ana. Ikiwa mnyama wako yuko katika hali mbaya sasa hivi, ruka moja kwa moja hadi swali la "Dalili zipi hazisubiri miadi?"

## Mambo ya msingi

Bingwa wa tiba ya ndani ya wanyama ni nani hasa?

Ni daktari wa wanyama aliyeendelea kusoma baada ya shahada yake, akajikita kwenye magonjwa ya viungo vya ndani: figo, ini, kongosho, tumbo na utumbo, mapafu, damu, tezi za homoni, pamoja na maambukizi yanayoushika mwili mzima. Kwa utaratibu wa Marekani na Ulaya, huyu hupitia kwanza mafunzo ya vitendo ya takriban mwaka 1, kisha miaka 3 hivi chini ya mabingwa waliomtangulia, halafu mitihani migumu. ACVIM, chombo kinachowatambua mabingwa hawa Marekani, kilianzishwa mwaka 1973.

Zipo nchi nyingi zisizo na bingwa wa namna hii hata mmoja. Huko kazi hufanywa na daktari mwenye uzoefu na vifaa. Muulize bila haya amejifunza wapi na magonjwa ya aina hiyo ameshayatibu mara ngapi. Daktari anayejua kazi yake hatakasirika.

Daktari wangu ameniandikia rufaa. Ina maana ameshindwa?

Hapana. Kwa maoni yangu, daktari anayeandika rufaa mapema ndiye wa kushikilia. Yeye huona chanjo, majeraha, meno na mimba, vyote kwa siku moja; hawezi kukaa na kesi moja saa mbili nzima, wala si kila kliniki ina endoskopi, yaani mrija wenye kamera wa kutazama ndani ya tumbo na utumbo. Wagonjwa wanaonisikitisha ni wale wanaofika baada ya miezi sita ya dawa za kubahatisha, wakati rufaa ingeweza kuandikwa mwezi wa kwanza.

Ni mgonjwa wa aina gani anayefaa kuletwa?

Yule ambaye ugonjwa wake haueleweki, haupoi, au unapoa na kurudi. Kuharisha au kutapika kulikopita wiki 3. Kukonda ilhali anakula vizuri. Homa isiyo na chanzo. Macho na fizi za manjano. Upungufu wa damu. Damu puani bila kuumia. Kukohoa kusikoisha. Kiu isiyo ya kawaida. Wapo pia wanaoonekana wazima kabisa, ila vipimo vya ini au figo vimetoka juu mara mbili mfululizo.

Mvunjiko wa mfupa, jipu au kitu kilichokwama kwenye utumbo ni kazi ya daktari mpasuaji. Sisi hatupasui, ingawa mara nyingi ndio tunaogundua kwamba kisu kinahitajika.

Dalili zipi hazisubiri miadi?

Paka dume anayekwenda kwenye mchanga wake mara kwa mara, anakakamaa, analia, na mkojo hautoki. Njia ya mkojo ikiziba, potasiamu hupanda katika damu na moyo unaweza kusimama ndani ya siku mbili au hata mapema zaidi. Watu wengi hudhani amefunga choo, wakampa mafuta, wakangoja kukuche. Tafadhali usingoje.

Mbwa aliyevimba tumbo na anayejaribu kutapika bila kutoa kitu, hasa wa mbegu kubwa yenye kifua kirefu, huenda tumbo lake limejipinda. Huyo hana hata saa za kupoteza. Vilevile paka anayehema kwa mdomo wazi, fizi zilizokuwa nyeupe kama karatasi, degedege iliyopita dakika 5, au mgonjwa wa kisukari aliyelegea ghafla. Hawa wapelekwe kliniki yoyote iliyo wazi na iliyo karibu. Bingwa atakuja baadaye.

## Kabla ya miadi

Nije na nini?

Majibu yote ya vipimo, hata ya zamani, maana kreatinini (taka ya damu ambayo figo huichuja) ya leo inasomeka vizuri zaidi ikiwekwa kando ya ile ya mwaka jana. Picha za eksirei zenyewe, si maelezo yake tu. Dawa zote katika makopo yake, pamoja na vitamini, dawa za minyoo na za kupe. Jina la chakula anachokula na kila anachopewa kando ya sahani. Usione aibu kutaja vipande vya nyama anavyorushiwa na watoto.

Njoo na video pia. Mbwa akiingia kliniki, woga humnyoosha: kikohozi kinakata, kuchechemea kunapotea, mtetemeko hauonekani. Sekunde 20 za simu yako zimewahi kuniokoa siku nzima ya vipimo.

Nimeulizwa kama "anatapika" au "anarudisha chakula". Si kitu kimoja?

Ni vitu viwili tofauti kabisa, na jibu lako linaamua tuchunguze upande gani. Mnyama anayetapika hujiandaa: anatokwa mate, analamba midomo, tumbo linabana na kusukuma, kisha kinatoka chakula kilichoanza kusagika au maji ya njano ya nyongo. Anayerudisha chakula hasukumi. Anainamisha kichwa tu na chakula kinateleza nje kikiwa bado hakijasagika, mara nyingine kwa umbo la mrija. Cha kwanza hutuelekeza tumboni, kwenye utumbo, ini, figo au kongosho. Cha pili hutuelekeza kwenye umio, na hapo hatari kubwa ni chakula kuingia mapafuni.

Huwezi kutofautisha? Hiyo ndiyo kazi ya video.

Nitajuaje kama anakunywa maji mengi kupita kiasi?

Pima. Asubuhi jaza maji kwa chombo chenye alama za mililita, kesho yake saa ileile pima yaliyobaki, fanya hivyo siku 3. Mbwa anayepita mililita 100 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku amezidisha. Yaani mbwa wa kilo 10 anayemaliza zaidi ya lita 1. Paka akifika mililita 50 kwa kilo tayari naanza kutafuta sababu. Usimnyime maji ili apunguze kukojoa sebuleni. Kama figo zake haziwezi kubana mkojo, atakauka.

Pima pia pumzi zake akiwa usingizini. Hesabu kifua kinavyopanda kwa dakika nzima: chini ya 30 ni sawa kwa mbwa na paka.

Aje na njaa?

Kwa ultrasaundi na endoskopi, kwa kawaida ndiyo: asile usiku, maji aachiwe. Tumbo lililojaa chakula na gesi huziba picha. Asikojoe kabla ya kuingia ikiwezekana, maana kibofu chenye mkojo huonekana vizuri na hutupatia sampuli. Ila piga simu kwanza kama ana kisukari, kama ni mtoto, au kama ni mdogo sana wa umbo. Hao njaa ndefu inaweza kuwashushia sukari.

Naweza kumwanzishia prednisoloni, ile dawa ya steroidi, ili apate nafuu tunaposubiri miadi?

Nakuomba usifanye hivyo bila kuzungumza na bingwa atakayemwona. Hili nalirudia kila wiki, na naelewa kwa nini watu hulifanya: dawa ni rahisi, na mnyama huamka siku ya pili akidai chakula. Nafuu hiyo ndiyo inayotuponza.

Chukua mfano wa paka anayetapika na kukonda. Mawili yanayofanana sana ni kuvimba kwa muda mrefu kwa ukuta wa utumbo na limfoma, ambayo ni saratani ya chembe za kinga. Tiba zake hazilingani na matarajio hayalingani. Prednisoloni huua chembe za limfoma kwa muda. Ukimpa wiki mbili kabla ya kipimo, kipande cha utumbo tunachokichukua kinaweza kuonekana kama hakina saratani, nayo saratani ipo. Mbaya zaidi, chembe zinazobaki huwa zimeshajifunza kuhimili, na dawa za saratani zikija baadaye hazizigusi kama ambavyo zingezigusa mwanzoni. Kama chanzo kilikuwa maambukizi, dawa hiyohiyo inayashusha makali ya kinga na kuyaachia uwanja.

Ikiwa ameshapewa, usiikate ghafla. Mwambie bingwa jina, kipimo na tarehe (tazama pia "Amepona, niache dawa?").

Na dawa ya maumivu ya watu?

Parasetamoli kwa paka ni sumu. Ini lake halina uwezo wa kuivunja kama letu. Damu inashindwa kubeba oksijeni, fizi zinageuka kahawia, na kidonge kimoja kinaweza kumuua. Ibuprofeni nayo hutoboa tumbo na kuumiza figo, kwa mbwa na kwa paka. Akishameza, usingoje dalili.

## Vipimo

Tayari alipimwa damu. Kwa nini arudie?

Wakati mwingine hatumrudishii. Vilivyofanyika juzi tunavitumia. Tunaporudia ni kwa sababu ugonjwa husomeka kwa mwendo wake, si kwa picha moja. Pia mara nyingi kilichokosekana ni mkojo. Kreatinini iliyopanda bila kujua uzito wa mkojo ni nusu ya habari: mkojo mzito unasema mnyama amekaukiwa maji, mkojo mwepesi unanyooshea kidole figo zenyewe.

Paka wana shida yao ya pekee. Sukari yao hupanda kwa woga tu, ikafika kiwango cha kisukari wakati hana. Ndiyo maana tunapima fruktosamini, ambayo huonyesha sukari ya wiki kama mbili zilizopita, na haijui kama leo alipanda gari.

Ultrasaundi haiwezi kusema ana nini, yaishe?

Ultrasaundi huonyesha umbo: ukuta wa utumbo umenenepa, kongosho limevimba, kuna uvimbe kwenye wengu. Haisemi chembe zilizomo ni za aina gani. Kwa hilo tunahitaji sampuli, ama kwa sindano nyembamba au kwa kukata kipande kidogo. Uvimbe wa wengu unaotisha kwenye skrini unaweza kuwa si saratani kabisa. Ndiyo, atanyolewa tumbo, maana manyoya hushika hewa na hewa hukata picha. Yataota.

Endoskopi au kufunguliwa tumbo, kipi bora?

Endoskopi haina mshono na wengi hurudi nyumbani siku hiyohiyo, ingawa nusukaputi ni lazima. Huingia tumboni, mwanzo wa utumbo mwembamba, na kutokea nyuma kwenye utumbo mpana. Katikati haifiki. Vipande vyake pia ni vidogo, vya tabaka la juu. Ultrasaundi ikionyesha tatizo liko katikati, au ndani ya misuli ya ukuta, mwenyewe nitakuambia tumtafute mpasuaji.

Vipimo vyote vimetoka safi na bado anaumwa. Nini kinafuata?

Kwanza, nakuamini. Wewe unaishi naye.

Pili, kuna magonjwa yanayojificha kwa ustadi, na linaloongoza kwa mbwa ni ugonjwa wa Addison. Tezi za adrenali, zilizo jirani na figo, huacha kutengeneza homoni za kuukabili mfadhaiko wa mwili na kupanga chumvi. Mbwa hutapika wiki hii, akawekewa dripu, akapona. Mwezi ujao analegea baada ya safari au wageni, dripu tena, akapona. Kila mara inaandikwa "alikula kitu kibaya". Sodiamu ikishuka na potasiamu ikipanda, mwenye macho huona. Lakini wapo ambao chumvi zao hubaki sawa. Tunawapima kotisoli, mojawapo ya homoni za tezi hizo: ikiwa juu ya nanomoli 55 kwa lita, Addison kwa kawaida tunaiweka kando, ikiwa chini, tunachoma homoni ya kuchochea tezi na kupima tena. Akigunduliwa, dawa ni za maisha, ila maisha yenyewe huwa mazuri na marefu.

Pesa yangu ina kikomo. Ni lazima vipimo vyote?

Si lazima. Sema kikomo chako mwanzoni, siyo mwishoni baada ya kuona bili. Kisha kwa kila kipimo uliza: jibu lake likija, tutabadilisha nini katika matibabu? Kipimo kisichobadilisha chochote kinaweza kungoja. Omba makadirio kwa maandishi, ya chini na ya juu. Mara nyingine tunakubaliana kujaribu chakula maalumu kwa wiki mbili kabla ya endoskopi, na mbwa wengi wanaoharisha kwa muda mrefu huitikia hicho tu.

## Magonjwa yanayoulizwa zaidi

Kreatinini iko juu. Figo zimekufa?

Kreatinini hupanda wakati takriban robo tatu ya uwezo wa figo imeshapotea, kwa hiyo namba yoyote iliyopanda tunaichukulia kwa uzito. Lakini swali la kwanza ni hili: ni la ghafla au la muda mrefu? Figo zilizopigwa ghafla na sumu, maambukizi au ukosefu wa maji zinaweza kurudi, na hapo siku za kwanza za kulazwa ndizo zenye thamani.

Za muda mrefu hazirudi, ila hupunguzwa kasi. Hugawanywa katika hatua 1 hadi 4 kwa utaratibu wa IRIS, chama cha kimataifa cha wataalamu wa figo za wanyama, tukiangalia kreatinini, SDMA (kipimo kingine cha damu cha figo), protini kwenye mkojo na shinikizo la damu. Paka wa hatua ya 2 anaweza kuishi miaka. Kinachofanya kazi kuliko vyote ni chakula chenye fosforasi kidogo, na kosa ninaloliona zaidi ni kumbadilishia siku ambayo ana kichefuchefu: anakihusisha chakula na kuumwa, hakigusi tena. Tuliza kichefuchefu kwanza.

Ana kisukari. Sindano ni za maisha?

Kwa mbwa, karibu siku zote ndiyo. Kwa paka, akianza insulini mapema na chakula cha wanga kidogo, wapo wanaofika mahali sindano haihitajiki tena, ingawa kisukari kinaweza kurudi.

Angalia sana bomba la sindano. Insulini ya U-40 ina uniti 40 katika mililita 1, ya U-100 ina uniti 100, na kila moja ina mabomba yake. Ukivuta U-100 kwa bomba la U-40, umempa dozi mara 2.5. Akianza kuyumba, kutetemeka au kuzubaa, mpake asali kwenye fizi na uende kliniki. Asipokula, usichome dozi kamili kabla ya kuuliza.

Paka wangu hajala siku 3. Akipata njaa atakula mwenyewe, si ndiyo?

Hapana, na hapa paka si mbwa. Paka asiyekula, hasa mnene, huvuta mafuta ya mwilini kwa wingi kuliko ini linavyoweza kuyachakata. Ini linajaa mafuta, anageuka manjano, na hamu ya kula inazidi kufa. Tiba ni chakula chenyewe.

Ndiyo maana tunapendekeza mrija wa kulishia unaopita ubavuni mwa shingo hadi kwenye umio. Wenye paka hushtuka wakiusikia, kisha wiki moja baadaye wananiambia wangeukubali mapema: chakula na dawa vinapita bila vita, paka analala mapajani mwao tena badala ya kuwakimbia. Kumlazimisha kwa bomba mdomoni kunamfundisha kuchukia chakula.

Ugonjwa wake unaweza kuniambukiza?

Mengi ya tiba ya ndani hayaambukizi. Unaonitia wasiwasi ni leptospirosi, ambayo wengine huijua kwa jina la homa ya mgunda. Bakteria wake hutoka kwenye mkojo wa panya na wa mbwa mgonjwa, huingia mwilini kupitia michubuko, macho au mdomo. Mbwa mwenye homa ambaye figo na ini vimeumia kwa pamoja, mshike kwa glavu na usafishe mkojo wake kwa dawa ya kuua vijidudu hadi majibu yatoke. Mjamzito asimhudumie. Ukipata homa, mwambie daktari wako kuhusu mbwa.

Niliambiwa FIP, ugonjwa wa paka unaoletwa na virusi vya korona vya paka, hauna tiba. Ni kweli?

Ilikuwa kweli kwa miaka mingi, na wengi walilazwa usingizi wa mwisho siku ya majibu. Mwaka 2019 kilichapishwa utafiti wa paka waliotibiwa kwa GS-441524, dawa inayozuia virusi hivyo kujinakili, na wengi wao walipona. Matibabu yaliyozoeleka ni ya siku 84. Kama daktari wako bado anasema hakuna la kufanya, tafuta maoni ya pili leo.

Anahitaji kuongezewa damu. Jirani ana paka, tumtumie?

Si kabla ya kupima kundi. Mbwa anayeongezewa kwa mara ya kwanza huwa na nafasi fulani ya kukosewa. Paka hana. Paka wa kundi B kwa asili huwa na silaha kali dhidi ya kundi A, na kiasi kidogo tu cha damu isiyolingana kinaweza kumuua.

## Baada ya hapo

Amepona, niache dawa?

Prednisoloni iliyotumika wiki kadhaa hupunguzwa hatua kwa hatua, kwa sababu tezi za adrenali zimelala na zinahitaji muda kuamka. Antibayotiki humalizwa kwa muda ulioandikwa. Kwa ugonjwa wa kupe wa Ehrlichia ni doksisaiklini kwa siku 28, hata kama amechangamka siku ya tatu. Paka akipewa kidonge hicho, kifuatishe na maji au chakula kidogo, maana kikikwama kwenye umio hukiunguza na kuacha kovu linaloziba.

Ana miaka 14. Si nitakuwa namtesa tu?

Umri peke yake si ugonjwa, na paka wa miaka 14 ambaye tezi yake ya thairoidi, iliyo shingoni, inafanya kazi kupita kiasi hutibika vizuri. Lakini swali lako lina haki yake. Chagua mambo matatu anayoyapenda, kama kukupokea mlangoni, kujilamba manyoya, kula bila kubembelezwa. Weka alama kwenye kalenda kila siku. Siku mbaya zikizidi nzuri wiki mbili mfululizo, njoo tuzungumze kuhusu kumpumzisha. Sitakushangaa, wala sitakusukuma.

Nina sungura, siyo mbwa. Yaliyoandikwa hapa yanamhusu?

Machache. Sungura hafungi kula kabla ya kipimo hata siku moja, na antibayotiki za jamii ya penisilini kwa mdomo zinaweza kumuua kwa kuvuruga utumbo wake. Tafuta daktari aliyezoea sungura.

Amekufa kabla hatujajua alikuwa na nini. Kuna haja ya kuuchunguza mwili?

Kama una wanyama wengine nyumbani, au kama mtu aliyemhudumia ameanza kuumwa, ndiyo. Uweke mwili kwenye ubaridi wa friji, si kwenye barafu, maana kuganda huharibu chembe zinazotazamwa kwa darubini. Ufike ndani ya saa 24. Unaweza kuomba urudishiwe ili umzike mwenyewe; lisemwe hilo kabla, na liandikwe kwenye fomu.